Faini haigeuzi mkataba wa matengenezo kuwa mkataba wa matokeo

Siku hizi mkataba wowote wa matengenezo wenye kifungu cha faini unaitwa mkataba wa matokeo. Sivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Katika mkataba wa matokeo, mwenye mtambo hanunui saa za fundi wala vipuri. Ananunua mtambo unaofanya kazi. Malipo hufuata kipimo kilichokubaliwa, kama vile saa ambazo mashine ilikuwa tayari kutumika. Namna ya kufika hapo ni juu ya mkandarasi.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko washauri wengi wanaouuza leo. Mwaka 1962 kampuni ya Bristol Siddeley ya Uingereza, watengenezaji wa Viper, injini ya ndege, ilianza kuwatoza wenye ndege ndogo za kibiashara aina ya 125, zilizotumia injini hiyo, kiasi maalumu kwa kila saa ya kuruka. Injini au vifaa vyake vikihitaji kubadilishwa, huo ulikuwa mzigo wa kampuni. Rolls-Royce iliinunua kampuni hiyo mwaka 1966 na kuurithi mpango huo.

Hapo hakikubadilika namna ya kuandika ankara tu. Zamani injini ikiharibika mara kwa mara, aliyeitengeneza aliuza vipuri zaidi. Chini ya mpango mpya, kila injini iliyoshushwa kutoka kwenye ndege kabla ya wakati ilikula faida ya kampuni yenyewe. Uchakavu ulikuwa umehamia mfukoni mwa yule aliyeweza kuupunguza.

Faini haifanyi hivyo. Chukua mkataba wa lifti unaomtaka fundi afike ndani ya saa 4 tangu aitwe, la sivyo mkandarasi akatwe pesa. Fundi anafika baada ya saa 2, anafungua, anasema kipuri kimeagizwa, anaondoka. Lifti inalala wiki mbili. Hakuna kifungu kilichovunjwa, na kipuri kikija kitalipiwa kando, pamoja na kazi ya kukifunga. Mkataba huo umepima mwendo wa fundi. Lifti haikupimwa kabisa.

Hata anayepima mtambo wenyewe anaweza kujichanganya. Kutaka uwe tayari kwa asilimia 99 ya mwezi wa siku 30, yaani saa 720, ni kuruhusu usimame saa 7 na dakika 12. Saa hizo zikija kwa mkupuo usiku ambao hakuna kazi, hakuna atakayelalamika. Zikija dakika kumi kumi, mara 43, katikati ya uzalishaji, karakana nzima itapiga kelele, ilhali ripoti ya mkandarasi inang'aa. Kwa hiyo idadi ya hitilafu nayo huandikwa, na pia nani anashika saa, na kama umeme ukikatika au mwendeshaji akiharibu kwa uzembe, muda huo unahesabiwa kwa nani.

Kuna na kosa la tatu, ambalo huniudhi kuliko yote: kumlipa mtu kwa matokeo huku ukimpangia abadilishe mafuta lini, anunue vipuri wapi na alete mafundi wangapi. Amebebeshwa lawama, uamuzi umebaki kwako. Halafu mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja. Kwa muda huo, nani atagharimia kipuri kipya kitakachodumu miaka minane? Atabana matumizi hadi siku ya mwisho, kisha atakukabidhi mtambo uliochoka.

Basi kama mkataba wako unalipa kwa ziara za fundi na kukata pesa akichelewa, uite mkataba wa huduma wenye faini. Si jina la aibu. Kwa pampu ndogo ambayo vipuri vyake viko dukani, mara nyingi huo unatosha, tena ni rahisi kuusimamia.