Samaki aliyelazwa kwa karafuu: dhana tunazozisikia na ukweli wake

"Samaki akishalala ubavu, hasikii maumivu tena."

Mafuta ya karafuu hutumika kumlaza samaki ili ashughulikiwe akiwa ametulia, na kati ya dhana zinazosemwa juu yake, hii ndiyo inayonihangaisha kuliko zote, kwa kuwa anayeumia hawezi kusema. Kutulia si kufa ganzi. Kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, hulegeza misuli ya kujongea na kupumua na kuacha fahamu ilivyo, hivyo mnyama hukatwa akiwa macho bila uwezo hata wa kujikunyata. Uingereza ililiona hilo mapema: sheria yake ya 1876 dhidi ya ukatili kwa wanyama ilitamka kwamba kurare isihesabiwe kuwa dawa ya ganzi. Ndiyo maana mtafiti makini anayejaribu eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, haridhiki na samaki aliyepinduka. Humbana mkia aone kama atashtuka, huhesabu matamvua yanavyofunguka, hupima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye damu, kisha humrudisha kwenye maji safi na kutazama saa mpaka aogelee wima. Hata baada ya yote hayo, swali la maumivu huendelea kuchunguzwa.

"Matone machache kwenye ndoo yanatosha."

Mafuta na maji havipatani. Ukiyamwaga hivihivi hayatachanganyika sawasawa, samaki mmoja azidishiwe na mwenzake akose. Kwanza huyeyushwa kwenye ethanoli (alkoholi), mara nyingi sehemu moja ya mafuta kwa tisa za ethanoli. Kipimo nacho hufuata aina ya samaki: kwa trauti, samaki wa maji baridi, utafiti wa 1998 ulipendekeza miligramu 40 hadi 60 kwa lita, ilhali tasi wa utafiti wa 1995 walilazwa kwa 100.

"Karafuu tunaila kwenye pilau, basi mafuta yake hayadhuru."

Chembe mbili sufuriani si sawa na mafuta yaliyokenekwa kutoka makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba, ambayo sehemu yake kubwa ni eujenoli tupu. Samaki akizidishiwa hufa. Vyura wa maabara walioogeshwa kwenye maji yenye eujenoli walikutwa na madhara kwenye figo.

"Ikimfaa samaki, itamfaa na mtu."

Propanididi, dawa ya usingizi yenye asili ya eujenoli, iliwahi kudungwa wagonjwa mshipani. Iliondolewa miaka ya 1980 kwa sababu ya mzio mkali, na lawama kubwa iliangukia kimiminika kilichotumika kuiyeyusha.