Kujipima Uzito Kila Siku: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Fanya jaribio hili leo usiku. Panda kwenye mizani, soma namba, shuka, kunywa nusu lita ya maji, halafu panda tena. Umeongezeka nusu kilo. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema amenenepa kwa maji. Lakini kesho asubuhi mizani ikionyesha nusu kilo zaidi ya jana, mtu huyo huyo ataanza kujilaumu kwa alichokula jioni.

Dhana nyingi potofu kuhusu kujipima zimezaliwa hapo. Tunadhani mizani inapima mafuta, kumbe inapima kila kilichopanda juu yake: mifupa, misuli, maji, mkojo, chakula kilichomo tumboni, choo ambacho hakijatoka, na mafuta nayo yamo humo humo.

Dhana: "Tangu jana nimeongezeka kilo nzima, basi nimenenepa"

Hesabu inakataa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati inayokaribia kalori 7,700. Ili uitengeneze kwa siku moja, itabidi ule kalori hizo zote juu ya zile ambazo mwili unazitumia siku hiyo, ambazo kwa watu wazima wengi ni kama 2,000 hadi 2,500. Yaani chakula cha siku nne na ushee, kiishe kabla hujalala. Kama hukufanya hivyo, ulichobeba sehemu kubwa ni maji.

Na maji yana njia nyingi za kukaa mwilini. Chakula chenye chumvi nyingi huyashikilia. Mazoezi mazito ambayo misuli haijayazoea huyavuta kwenye misuli inayojikarabati, ndiyo maana wengi huanza mazoezi Jumatatu, kisha ikifika Alhamisi hujikuta wazito zaidi. Wanawake wengi huongezeka siku za kabla ya hedhi. Wanga nao una mambo yake: mwili huuweka akiba kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Anayekata wanga ghafla hupungua haraka wiki ya kwanza na kuwatangazia watu wote. Sehemu kubwa ya kilichoondoka ni akiba hiyo na maji yake, na siku akirudia kula wanga, vyote vinarudi.

Kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu mzima mwenye afya.

Dhana: "Kujipima mara moja kwa wiki ndiko kunakosema kweli"

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na mimi niliiamini kwa miaka. Inasikika kama busara. Tazama namba hizi nilizozitunga kwa mfano, za mtu mmoja kwa wiki mbili, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili:

Wiki ya kwanza: 84.2, 84.9, 84.0, 83.8, 84.5, 83.6, 84.1
Wiki ya pili: 83.9, 83.5, 84.3, 83.4, 83.6, 83.2, 84.3

Kama mtu huyu hujipima Jumapili tu, ameona 84.1 kisha 84.3. Wiki nzima ya kujinyima, na ameongezeka gramu 200! Wengi huacha hapo. Kama siku yake ni Jumanne, ameona 84.9 kisha 83.5, amepungua kilo 1.4, na pengine anajipongeza kwa sahani ya ziada. Mwili ni ule ule, na chakula ni kile kile.

Sasa jumlisha namba saba za kila wiki ugawe kwa saba. Wiki ya kwanza wastani ni 84.2, ya pili 83.7. Amepungua karibu nusu kilo, mwendo mzuri tu, na si Jumapili wala Jumanne mizani ilimwambia hivyo.

Kwa hiyo anayejipima mara moja kwa wiki hajaikwepa kelele ya maji na chumvi. Amechagua kuisikia siku moja na kuiamini. Ukipenda utaratibu wa kila wiki, sawa, ila usitoe hukumu kabla ya wiki nne au tano. Ukijipima kila siku, usiitazame namba ya leo dhidi ya jana. Tazama wastani wa wiki hii dhidi ya wiki iliyopita.

Dhana: "Kujipima kila siku kunakatisha tamaa na kuharibu kila kitu"

Kwa watu wengi ushahidi unaelekea upande mwingine. Mwaka 1994 watafiti Rena Wing na James Hill walianzisha Marekani rejista ya watu wazima waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Takriban robo tatu yao husema hujipima angalau mara moja kwa wiki. Ni kweli, hilo peke yake halithibitishi kwamba mizani ndiyo iliyowasaidia. Mtu anayerudi kunenepa huikimbia mizani mapema. Lakini mwaka 2006 Wing na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliokwisha kupungua walifundishwa kujipima kila siku na kuchukua hatua kwa rangi, kulingana na uzito uliorudi: kijani, endelea; njano, rekebisha kidogo; nyekundu, rudi kwenye mpango. Katika makundi yaliyofundishwa hivyo, waliojipima kila siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudisha uzito kuliko wenzao ambao hawakufanya hivyo.

Wapo wasiopaswa kuufuata utaratibu huu. Mtu mwenye maradhi ya ulaji, au aliyewahi kuwa nayo, na yule ambaye namba ya asubuhi humfanya ashinde na njaa, ajiweke mbali na mizani na azungumze na mhudumu wa afya. Mjamzito afuate ratiba ya kliniki yake.

Dhana: "Misuli ni mizito kuliko mafuta, ndiyo maana sipungui"

Kilo ni kilo. Misuli imeshikana zaidi, kwa hiyo kilo yake huchukua nafasi ndogo kuliko kilo ya mafuta. Unaweza kweli kupungua kiuno bila mizani kusogea, na ndiyo maana utepe wa fundi cherehani ni kifaa kizuri cha kuweka karibu na mizani. Ila misuli hujengeka polepole mno. Kilo iliyotokea baada ya wiki moja ya kunyanyua vyuma si misuli.

Dhana: "Mizani yangu ya kisasa inanionyesha asilimia ya mafuta"

Inakisia. Hupitisha umeme hafifu kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kukadiria mafuta kutokana na ukinzani wake. Umeme huo hupita kwa urahisi penye maji, kwa hiyo ukiwa na kiu au umetoka kuoga utapata jibu jingine. Mwenye kifaa cha kusisimua moyo kifuani asiitumie kabisa.

Dhana: "Saa yoyote ni sawa"

Jioni umebeba chakula na vinywaji vya kutwa nzima. Jipime asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula au kunywa, bila nguo au na nguo nyepesi zile zile. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, tambarare; juu ya zulia inaweza kukupa namba yoyote inayotaka. Na usiihamishe. Mizani inayozidisha nusu kilo kila siku haina tatizo kwako, kwa kuwa unachofuatilia ni tofauti.

Wanawake wanaopata hedhi wana kipimo bora kuliko wiki kwa wiki: wiki hii dhidi ya wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita.

Kuna kundi moja ambalo namba ya siku moja mbili inabeba uzito kweli. Wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri huambiwa na madaktari wajipime kila asubuhi, kwa sababu ile ile ambayo wengine tunapuuza kilo ya ghafla: ni maji. Kwao, kuongezeka kama kilo mbili ndani ya siku tatu ni sababu ya kumpigia daktari siku hiyo hiyo, hata kama miguu haijavimba bado.