Je, wajua? Kwa nini Waraka wa Kairos uliwakemea waliohubiri amani

Ungeniuliza zamani Waraka wa Kairos ni nini, ningekujibu bila kusita: ni barua ambayo wanateolojia wa Afrika Kusini waliiandikia serikali ya Makaburu mwaka 1985, kuiambia kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi. Nililifundisha hilo kwa vijana kanisani, na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu karibu kila mtu anaamini hivyo. Baadaye nikausoma waraka wenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Kichwa chake tu kilinishtua: "Changamoto kwa Kanisa". Serikali imo ndani, tena imesemwa kwa maneno makali mno, lakini siyo iliyoandikiwa. Walioandikiwa ni Wakristo. Na sehemu inayochoma zaidi haiwahusu wale waliokuwa wakiubariki ubaguzi. Inawahusu viongozi wa makanisa ambao miaka nenda miaka rudi walikuwa wakitoa matamko ya kuupinga.

Kwa nini watu walio katikati ya mapambano watumie wino mwingi hivyo kuwakemea wenzao walio upande uleule?

Historia yake kwa kifupi. Julai 1985 Rais P. W. Botha alitangaza hali ya hatari katika wilaya 36, na wanajeshi wakawa tayari wamo kwenye vitongoji vya Waafrika. Mwezi mmoja kabla ya hapo kundi la wachungaji na wanateolojia lilikuwa limekutana Soweto kupitia Institute for Contextual Theology, taasisi iliyoongozwa na Frank Chikane, mchungaji wa Kipentekoste wa Apostolic Faith Mission. Rasimu ilizunguka mikononi mwa watu, ikaongezwa na kupunguzwa, ikatolewa tarehe 25 Septemba 1985 ikiwa na saini zaidi ya 150. Mwaka uliofuata likatoka toleo la pili lililorekebishwa. Kwa hiyo usitafute mwandishi mmoja. Neno kairos ni la Kigiriki, nasi tunalo kwenye Biblia yetu bila kujua: Yesu anapoulilia mji wa Yerusalemu katika Luka 19:44, anasema "hukutambua majira ya kujiliwa kwako". Hayo majira ndiyo kairos. Si saa ya ukutani, ni wakati unaodai uamuzi.

Waraka unataja teolojia tatu: ya dola, ya Kanisa, na ya kinabii, ambayo ndiyo wenyewe unaiunga mkono; hapa nitazigusa mbili za kwanza. Ya kwanza ni ya dola, na hii ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Hapa serikali inashika Warumi 13, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", na kuitumia kama rungu. Katiba ya 1983 ilianza kwa kumtaja Mungu Mwenyezi kwa unyenyekevu, na waraka ukajibu kwamba mungu huyo wa dola ya Afrika Kusini ni ibilisi aliyejivika sura ya Mungu, mpinga Kristo. Huwezi kusahau sentensi kama hiyo, na nadhani ndiyo iliyonipotosha mimi na wengine wengi: tulisikia mlio wa bunduki hiyo tukadhani vita vyote viko pale. Kuna jambo moja hapo ambalo bado linanivutia. Waraka unakumbusha kwamba Paulo alikuwa na watu mahususi akilini, Wakristo wa Roma waliodhani imani yao imewaondolea wajibu wa kutii dola yoyote. Kisha unamtuma msomaji Ufunuo, sura ya 13 vilevile, ambako dola si mtumishi wa Mungu tena, ni mnyama atokaye baharini. Biblia moja, sura mbili zenye namba moja, serikali mbili tofauti kabisa. Makaburu walisoma ile moja tu.

Teolojia ya pili waraka unaiita ya Kanisa. Iliwahusu hasa yale makanisa yaliyoitwa ya Kiingereza, kama Waanglikana na Wamethodisti, na maneno yake makuu ni matatu: upatanisho, haki, na kutotumia nguvu. Nani angeyakataa maneno hayo? Mimi mwenyewe nimeyahubiri. Waraka nao haukuyakataa, na hapa ndipo watu wengi wanapoukosea kwa mara ya pili, wakisema ulipinga upatanisho. Ulichopinga ni kuyachukua maneno hayo kama dawa ya kila ugonjwa kabla ya kumpima mgonjwa.

Tuseme una shamba la eka nne. Jirani yako, mtu mwenye nguvu na ndugu zake polisi, anang'oa alama za mpaka usiku na kuzisogeza kwako eka mbili ndani. Unapiga kelele. Anaitwa mzee anayeheshimika aje asuluhishe. Mzee huyu hajala rushwa, hana chuki na yeyote, anataka kwa moyo wake wote mpatane. Anawasikiliza nyote wawili. Wewe unadai eka zako mbili zirudi. Jirani anasema harudi nyuma hata hatua moja. Mzee anawaza, kisha kwa upole anasema kila mmoja alegeze kidogo: gawaneni hizo eka mbili, mpeane mikono, yaishe. Jirani anaondoka na eka moja isiyo yake, na sasa anayo kwa baraka za mzee. Mwakani akisogeza alama eka mbili nyingine na mzee akaitwa tena, ile katikati itakuwa imehamia ndani zaidi ya shamba lako.

Mzee hakusema uongo popote. Alianza kupima pale alipokuta alama, basi, na hilo likatosha kumpa mdhulumu nusu ya alichodhulumu. Anayesimama katikati hawi katikati kwa kweli kama mahali pa katikati pameshachaguliwa na mwenye nguvu.

Afrika Kusini mfano huu ulikuwa karibu na ukweli wenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwatengea Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi, takribani asilimia 7 ya nchi, na sheria ya 1936 ikapandisha kiwango hadi takribani asilimia 13. Sasa fikiria askofu wa mwaka 1985 akiziomba "pande zote mbili" zikae mezani na zilegeze misimamo. Upande mmoja ulegeze nini? Ndiyo maana waraka unasema ipo migogoro inayotokana na kutoelewana, ambayo msuluhishi anaweza kuimaliza kwa kuwakutanisha watu, na ipo mingine ambapo upande mmoja umebeba silaha na unaonea, na mwingine hauna kinga na unaonewa. Kuitibu hii ya pili kama ile ya kwanza, waraka unasema, ni kuisaliti imani.

Neno haki nalo lilipimwa hivyohivyo. Makanisa yaliomba haki, lakini waraka unasema ilikuwa haki ya mageuzi: inayotoka juu, anayeamua kiasi chake ni mwenye kushika alama za mpaka. Mifano ilikuwepo. Mwaka 1984 bunge jipya lilianza kazi likiwa na mabaraza matatu, la wazungu, la machotara na la Wahindi. Waafrika hawakuwa na hata moja. Juni 1985 sheria iliyokataza ndoa kati ya wazungu na wengine ikafutwa. Wapo walioshangilia, na sina haja ya kuwalaumu, maana kwa wanandoa wenyewe lilikuwa jambo kubwa. Lakini shamba lilikuwa bado liko kwa jirani.

Kuhusu neno la tatu, kutotumia nguvu, waraka unawataka wasomaji wasikilize kwa makini tu. Kijana wa kitongojini akirusha jiwe, hiyo huitwa vurugu. Askari akiua, hata pale inapokubaliwa kwamba amepita kiasi, huitwa utovu wa nidhamu au hata unyama, ila si vurugu. Kwa hiyo tamko linalolaani "vurugu za kila upande" limeshachagua upande kabla ya nukta ya mwisho. Waraka unauliza swali gumu: nguvu anayotumia mbakaji, na nguvu anayotumia mwanamke anayejitetea, tuziite kwa jina moja?

Hata hivyo haufundishi kisasi. Unashikilia kwamba Mkristo lazima awe tayari kusamehe saba mara sabini. Unachokataa ni kumlazimisha aliyeonewa apatane na mtu ambaye bado hajatubu na bado anaendelea kuonea. Nikisoma hapo huwa namkumbuka Zakayo, aliye katika sura ileile ya Luka 19: hakuishia kusema samahani, aliahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemnyang'anya kwa hila. Huo ni mfano wangu, si wa waraka.

Tena si kila aliyepinga ubaguzi aliukubali waraka huu. Askofu Desmond Tutu hakutia saini. Wakosoaji walisema umewaweka viongozi wa makanisa ya Kiingereza kwenye kapu moja, na kwamba haukuweka mpaka ulio wazi kuhusu matumizi ya silaha. Naona hoja zote mbili zina uzito. Makanisa hayo yalikuwa na watu waliofungwa na kupigwa marufuku kwa ajili ya msimamo wao, na kuambiwa kwamba teolojia yako inamsaidia mdhalimu baada ya kuyapitia hayo lazima iliuma. Waraka wenyewe ulipima matamko, haukupima mioyo ya watu.

Neno lake lilisafiri. Mwaka 1991 Baraza la Makanisa la Kenya, NCCK, lilitoa kijitabu kilichobeba neno kairos wakati nchi ikidai vyama vingi, na mwaka 2009 Wakristo wa Palestina wakaandika Kairos yao.

Chikane naye alilipia. Mwaka 1989, akiwa katibu mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini, aliugua ghafla mara kadhaa akiwa safarini, hadi madaktari Marekani wakagundua kwamba ni sumu. Ilikuwa imepakwa kwenye nguo zake. Agosti 2006 Adriaan Vlok, aliyekuwa waziri wa sheria na utulivu enzi hizo, alifika ofisini kwa Chikane katika Union Buildings, makao ya serikali huko Pretoria, akaomba kumwosha miguu. Chikane akakubali. Baadaye Vlok aliosha pia miguu ya wajane na mama wa vijana kumi wa Mamelodi, kitongoji cha Pretoria, waliouawa. Wapo waliolia kwa furaha waliposikia, na wapo waliouliza ukweli wote utasemwa lini. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2007, Vlok alisimama mahakamani, akakiri kuhusika na ile sumu, akapewa kifungo cha miaka 10 kilichosimamishwa. Beseni lilitangulia, kizimba kikafuata.