Mguu Umevimba Ndani ya Buti? Njoo Leo, Si Wiki Ijayo

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Goma. Mvua zikianza mwezi wa tisa, na tena mwezi wa tatu, miguu ninayoletewa ni ileile: ya wanaoponda mawe ya volkano, wasukuma chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), wapakuaji wa mizigo kando ya ziwa, akina mama wanaotoka shambani. Wote wana buti, na wote wamechelewa. Maswali haya wameniuliza wenyewe.

Buti zangu ni za mpira, hazipitishi maji. Mbona miguu inalowa?

Mpira unazuia maji ya nje yasiingie, na unazuia jasho lako lisitoke. Ukizivaa toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza, mguu umeshinda umelowekwa. Ngozi inakuwa nyeupe, inajikunja, inalainika kama muhogo uliokaa kwenye maji siku tatu: ukiugusa tu unapasuka. Mpasuko huo, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake, ndio mlango wa vijidudu.

Kuna muwasho na harufu kati ya vidole. Ni fangasi?

Mara nyingi ndiyo. Osha, kausha kabisa kati ya kidole na kidole, kisha paka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku. Muwasho ukiisha usiache. Endelea wiki mbili zaidi. Na tafadhali, zile tyubu za kung'arisha uso zenye kotizoni zisiguse mguu huo. Zinatuliza muwasho huku fangasi wanazidi kuenea chini yake.

Pamepasuka kidogo. Nimwagie unga wa kapsule ya dawa?

Hapana. Nimechoka kukwangua unga huo kwenye vidonda. Unashikana na majimaji, unafanya gamba gumu juu, na usaha unabaki chini ukichimba. Petroli? Hapana. Maji ya betri? Hapana kabisa, hayo yanaunguza nyama iliyokuwa nzima. Maji safi na sabuni, kitambaa safi kikavu, basi.

Mguu umeanza kuvimba. Ningoje siku ngapi nione kama utapungua?

Hata moja. Vijidudu vimeshapita mlangoni, vinapanda chini ya ngozi. Usisubiri kuona wekundu, kwa sababu kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi mapema. Weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu mmoja, kisha kwenye wa pili. Kama mmoja una moto zaidi, ngozi imevutika inang'aa, na unauma ukibonyezwa, njoo leo. Ukihisi na uvimbe kwenye kinena, au homa na baridi ya kutetemeka, usilale nyumbani usiku huo.

Kuna baba mmoja mponda mawe aliyeletwa amekaa juu ya chukudu, mguu umenyooshwa mbele. Buti haikutoka; tuliikata kwa mkasi toka juu mpaka kwenye kifundo. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi, nikawa nailowanisha kidogo kidogo na kuibandua huku amenishika bega. Uvimbe ulikuwa umefika gotini. Nilimuuliza ulianza lini. Akasema, "Jumatatu iliyopita, mama, lakini ulikuwa kidogo." Siku ile ilikuwa Jumatatu, siku ya nane.

Lakini maumivu ni kidogo, na nisipofanya kazi leo watoto hawali.

Najua, papa, na sisemi kwa wepesi. Ila angalia hesabu: ukija siku ya kwanza, mara nyingi unaondoka na vidonge na siku chache za kupumzika. Ukija siku ya nane, ni sindano za mshipa, pengine kupasuliwa usaha, na wiki nzima au zaidi kitandani bila faranga hata moja. Uvimbe mdogo wenye moto si kidogo. Njoo leo.

Wazee wanasema nimekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Nichanjwe chale kwanza?

Usichanjwe chale. Wembe kwenye mguu uliovimba unafungua milango mingine kumi. Kila mwaka napokea miguu yenye chale mbichi juu ya uvimbe wa siku tano. Wazee tunawaheshimu, watakusubiri, mguu hausubiri. Njoo kituoni kwanza, na uje leo.

Msumari umepita kwenye soli ukanichoma. Damu ilitoka kidogo tu.

Tundu dogo lenye kina ndipo tetanasi inapopenda kukaa, na inaweza kuanza baada ya wiki moja au zaidi, kidonda kimeshafungwa. Osha, uje uangaliwe kuhusu chanjo. Akina mama wengi huchanjwa wakiwa na mimba. Wanaume wengi hawakumbuki lini walichanjwa mara ya mwisho.

Buti nizikaushe vipi mvua ikinyesha kila siku?

Si juu ya mbabula, jiko la makaa. Moto wa makala unapasua mpira na kukakamaza ngozi ya buti, na kesho maji yanaingia pale pale palipopasuka. Toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe zikilowa, laza buti ubavu mahali penye upepo. Ukiweza pata jozi mbili, uvae kwa zamu, maana usiku mmoja hautoshi kukausha buti za ngozi. Usipoweza, beba soksi kavu mfukoni, uvue saa sita, upanguse miguu, ubadilishe. Ni dakika tano.

Ukinunua, jaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na uvae soksi utakazofanyia kazi. Vidole vichezeke mbele, kisigino kisipande na kushuka. Juu ya mawe yetu haya makali, buti pana inakupa malengelenge na kifundo kinateguka. Yenye kamba inashika kifundo vizuri kuliko ya mpira. Kama kazi yako haiko kwenye maji, chagua hiyo.

Nina ugonjwa wa sukari. Kuna tofauti?

Kubwa. Unaweza usihisi jiwe ndani ya buti siku nzima. Ingiza mkono ndani kabla ya kuvaa, na kila jioni mtoto akuangalizie nyayo. Kidonda chochote, hata kisichouma, uje siku hiyo hiyo.

Nikishapewa dawa, kesho naweza kurudi kwenye mawe?

Hapana. Kaa, inua mguu juu ya mito, maliza vidonge vyote hata kama uvimbe umeshuka siku ya tatu. Utarudi ngozi ikishafunga kati ya vidole, na ndani ya buti iliyokauka mpaka kwenye ncha. Ingiza mkono uhakikishe.