Jina la Kiingereza kwa herufi za Kigiriki: fuata sauti

Karibu kila anayeniletea jina nilihakiki kabla ya kuchorwa tatuu huwa amelinganisha herufi kwa herufi: kwa David, D kaipa Δ, V kaipa Β, akapata Δαβίδ. Jina hilo lipo, tena lina heshima zake, ila ni la Mfalme Daudi wa kwenye Biblia, na Mgiriki wa leo hulisoma "Dhavidh". David Beckham, kwenye magazeti ya Athens, ni Ντέιβιντ Μπέκαμ.

Sauti zilihama, herufi zikabaki palepale. Β ya kale ilikuwa b, sasa ni v. Δ ni dh ya "dhahabu". Γ ni gh ya "ghali", ingawa mbele ya e na i hukaribia y. Msemaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, hapa hana shida. Gh humtoa jasho Mwingereza.

B, d na g je? Wagiriki huziandika kwa herufi mbilimbili: μπ, ντ, γκ. Ndiyo maana Bob Dylan ni Μπομπ Ντίλαν. Kero huja katikati ya neno, kwa kuwa μπ huweza pia kusomwa mb, kama ya "kamba". Asiyewahi kusikia habari za Ομπάμα anaweza kabisa kumwita Ombama, na hakuna alama ya kumzuia.

Sh haina herufi, basi: Bush huandikwa Μπους, husomwa "Bus". Ch ni τσ, j ni τζ.

Sauti i ina maandishi kadhaa (ι, η, υ, ει, οι). Kwa majina mageni siku hizi huchukuliwa jepesi, ι, na konsonanti pacha hubaki moja: Bill ni Μπιλ. Majina yaliyoingia zamani hayaguswi: Shakespeare ni Σαίξπηρ, Newton ni Νεύτων, na Byron, mshairi Mwingereza aliyefia Messolonghi, Ugiriki, mwaka 1824, ni Βύρων. Hata Mfalme Charles ni Κάρολος.

Ninachokagua kwanza ni herufi kubwa. Katika Τζέιμς, yaani James, alama ya mkazo juu ya ε humwambia msomaji asiiunganishe na ι. Kwa herufi kubwa alama hiyo huondolewa, hivyo Ι lazima ivishwe nukta mbili: ΤΖΕΪΜΣ. Ukizisahau, ΕΙ inasomwa i, na James anageuka "Jims".