"Umemnywesha nini?" Maswali na majibu kuhusu dawa za majani zenye sumu

Siku ya kupima watoto, akina mama wa Kadutu hukaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu zao, na hapo ndipo maswali haya hunijia. Hayaulizwi mbele ya wote. Mama husubiri wenzake watoke, anafungua mfuko, ananionyesha fungu la majani lililofungwa kwa kamba ya mgomba, au chupa ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai. "Hii, naweza kumpa?" Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nimekulia kwenye dawa za bibi yangu na simdharau yeyote anayezitumia. Naandika kwa sababu nimepokea watoto ambao pengine tungewaokoa kama tungejua mapema walichonyweshwa.

Majani ni kitu cha asili, Mungu mwenyewe ameyaotesha. Yatadhuruje?

Muulize mama yeyote wa Bushi, vijiji vya jirani na mji wetu, kwa nini anaroweka mihogo michungu siku kadhaa kabla ya kuianika. Atakujibu kwamba bila hivyo inaua. Nayo imeota ardhini kama majani yako. Ndani yake mna kitu kinachogeuka kuwa sianidi, na kule Kwango, magharibi mwa nchi yetu, watu waliokula mihogo isiyorowekwa vya kutosha walipooza miguu. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 kwa jina la wenyeji, konzo. Mmea hauwezi kumkimbia anayeula, kwa hiyo mingi hujilinda kwa sumu. Sumu ya mihogo wazee wetu walijifunza kuitoa, kizazi baada ya kizazi. Mti ambao jirani amekuonyesha jana, nani amekufundisha kuitoa sumu yake?

Lakini dawa za hospitali nazo hutoka kwenye miti. Tofauti iko wapi?

Ni kweli, na sisi wa Bukavu tunalijua hilo kuliko wengi. Kinini hutoka kwenye gome la kinkina, mti unaolimwa huku kwetu Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kiko hapa hapa mjini. Mwaka 1820, huko Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kinini na gome lake. Tangu hapo mgonjwa akaweza kupewa kiasi kinachojulikana: kidonge kimeandikwa miligramu 300 au 500, na cha leo ni sawa na cha kesho.

Gome lenyewe halikuahidi hivyo. La mti mchanga si sawa na la mti mzee, la shina si sawa na la tawi. Halafu umetia maji kiasi gani? Umechemsha muda gani? Ukitia kidogo, malaria inabaki mwilini inaendelea na kazi yake. Ukizidisha, masikio yanavuma, macho yanaona giza, sukari ya damu inashuka, moyo unapoteza mapigo yake. Kati ya kiasi kinachoponya na kinachoumiza nafasi ni nyembamba sana, na sufuria ya jikoni haina mizani. Ukiniuliza tofauti kwa neno moja, nitakuambia kipimo.

Mimea gani hapa kwetu tuiogope zaidi?

Nianze na datura, ambayo watu wa pwani huiita mnanaha. Huota kwenye majalala na kando ya njia. Ua lake ni jeupe au la zambarau, limefunguka kama tarumbeta. Tunda lake lina miiba, ukubwa wa yai dogo. Ukilivunja jani linanuka vibaya. Watu hulichemsha kwa ajili ya pumu na kikohozi.

Niliwahi kumpokea mvulana wa miaka sita hivi aliyeletwa mgongoni usiku. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu kabisa, bila tone la jasho. Ulimi ulikauka kama karatasi. Mboni za macho zilifunguka hadi mwanga wa tochi haukuzifanya chochote. Na mikono yake ilikuwa ikichuma hewani, polepole, vitu ambavyo sisi hatukuviona. Familia ilisema ni mashetani, walikuwa njiani kwenda chumba cha maombi. Ni dada yake mdogo aliyesema, "Koko (bibi) alimpa majani ya kifua." Kwa neno hilo moja tukajua la kufanya. Alikaa siku mbili, akapona.

Sumu ya datura ni atropini na skopolamini, na haihitaji kuwa nyingi. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, mbegu za datura zilichanganyika na unga wa uji wa msaada: watu wapatao 300 waliugua, 5 wakafa. Hawakunywa dawa yoyote, walikula uji. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama kengele, meupe au ya rangi ya chungwa, yaliyopandwa kwenye wigo wa lupango (viwanja vya nyumba) nyingi za Ibanda hapa mjini, yana sumu hiyo hiyo.

Mbarika ni kisa kingine. Mafuta yake yaliyotengenezwa vizuri hutumika kwa sababu risini, sumu yake, haiyeyuki kwenye mafuta na huharibiwa na joto. Mbegu yenyewe ikitafunwa au ikisagwa, sumu yote unaimeza. Kinachonitisha ni kuchelewa kwake: mtu hukaa saa kadhaa akiwa mzima, anasema "mwaona, hakuna kitu", kisha kutapika na kuhara damu kunaanza. Dawa ya kuipinga risini haipo.

Utupa tunaujua kwa jinsi unavyolewesha samaki mtoni. Kuna wanaomnywesha mtoto kutoa minyoo. Tafadhali, dawa ya minyoo iko kwenye kila kituo cha afya. Na ua la loriye rozi (oleanda), zuri kama lilivyo, ni sumu ya moyo kuanzia mzizi hadi jani, bichi au kavu, na kulichemsha hakusaidii.

Naweza kujuaje kwamba mti niliouziwa ndio wenyewe?

Ukiwa unga, huwezi. Hata mimi siwezi. Jina moja hutumika kwa Kishi kwa mti huu, na kwa Kirega au Kihavu kwa mti mwingine, na muuzaji wa sokoni naye ameletewa na mtu. Kule Lwiro, Kabare, kilomita kama 40 kutoka mjini, kituo cha utafiti wa sayansi kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na wanaoijua kazi hiyo hutaka tawi zima lenye ua au tunda ndipo wautaje mti. Basi wewe unautajaje kwa vumbi lililo kwenye karatasi?

Mtoto wangu hajapata choo siku ya tatu. Mama mkwe anataka tumpige lavema ya majani, yaani tumpitishie dawa nyuma kwa kipira.

Mama, nakuomba usikubali. Najua ni vigumu kumkatalia mama mkwe nyumbani kwake, ndiyo maana nitakupa maneno ya kumwambia.

Mtoto wa miezi michache anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe mgonjwa. Maziwa ya mama humezwa na mwili karibu yote, kinachobaki ni kidogo. Kama ananyonya vizuri, anakojoa, tumbo ni laini na anacheka, hana ugonjwa wa kutibiwa. Ila akiwa anatapika, hasa matapishi ya kijani, au tumbo limevimba na kukaza, au amekataa ziwa, au ndiyo kwanza amezaliwa na hajawahi kupata choo, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, na lavema ya nyumbani ndiyo itakayomharibu.

Sasa ona kile kipira cha mpira chenyewe. Dawa ikinywewa na ikiwa mbaya, mara nyingi mtu huitapika. Ikipitishwa nyuma, hana namna ya kuirudisha, na ngozi ya ndani ya utumbo ni nyembamba, inainyonya haraka kuipeleka kwenye damu. Halafu tazama uzito. Mtu mzima ana kilo 60, kichanga kina 3. Kikombe kimoja kwake ni kama vikombe ishirini kwako. Bado hatujataja pilipili na tangawizi zinazounguza utumbo, wala ncha ya kipira inayoutoboa. Nimewaona wakifika wamelegea, macho yameingia ndani, tumbo limevimba, na kila mtu ndani ya familia akiwa ametenda kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma: hakuna hata mmoja aliyetaka kudhuru.

Na kama mtoto anahara, lavema inamalizia maji aliyobaki nayo. Mpe ziwa, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa, si vya kujaza. Uliza pia vidonge vya zinki kituoni.

Nililishwa karuho (sumu ya siri), nikapewa dawa, nikatapika povu. Si ushahidi kwamba sumu ilitoka?

Swali hili hunipata kila mahali, hata kwenye harusi. Sibishi kwamba kuna watu hupeana sumu. Lakini fikiri pamoja nami: dawa ile ya kutapisha, mtu mzima asiye na karuho akinywa, naye hatatapika povu? Atatapika. Kutapika ni kazi ya mti ule, mwili unajaribu kuukataa. Ushahidi unaouona ni wa dawa, si wa karuho.

Wakati huo, kilichomkondesha mtu kinaendelea. Anayekohoa wiki mbili na kupungua uzito, jambo la kwanza ni kupima makohozi, kwa sababu kifua kikuu kinapona, na dawa zake hutolewa bure. Mwingine ana virusi vya UKIMWI, mwingine vidonda vya tumbo, mwingine ini. Nimewapokea waliotapishwa miezi mitatu kwa waganga watatu, wakafika kwetu hawawezi kusimama.

Nina mimba, uchungu unakawia. Dawa ya kuusukuma je?

Usinywe. Hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hutolewa tone kwa tone na mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Ile ya kikombe ikishaingia huwezi kuipunguza: tumbo linakaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka, zaidi kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji.

Niko kwenye dawa za kifua kikuu (au za virusi). Naweza kuchanganya na majani?

Hapana. Dawa hizo tayari zinalipa ini kazi kubwa. Ukiongeza mti usioujua, macho yakageuka manjano, daktari hatajua asimamishe kipi, na huenda akalazimika kusimamisha ile inayokuponya.

Na chai ya artemisia?

Si sumu kama datura, lakini malaria haiponi kwa chai. Bibi Tu Youyou wa China, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliipata artemisinini pale alipoacha kuchemsha na kuitoa kwa joto dogo. OMS, Shirika la Afya Duniani, haishauri chai hiyo kwa malaria. Mtoto mwenye homa apimwe damu.

Bibi yangu alikunywa dawa hiyo miaka mingi na hakufa.

Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila kuna sumu zisizoua siku hiyo. Huko Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye majani ya Kichina. Katika maandalizi, mti mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na miaka baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walipokuwa wakimeza, wengi hawakuumwa kitu. Mimea mingine hufanya vivyo hivyo kwa ini, kidogo kidogo, na siku tumbo linapojaa maji hakuna anayekumbuka chupa ya mwaka jana.

Mtu ameshakunywa na hali ni mbaya. Tufanye nini?

Mpeleke sasa hivi, hata kwa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili. Usimtapishe. Usimpe mafuta ya mawese, maziwa, mayai mabichi wala makaa ya jikoni yaliyosagwa. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni. Kama ni mbarika, msisubiri dalili.

Nikisema nilitumia majani, daktari atanigombeza.

Wengine hugombeza, na kosa hilo ni letu. Nimewasikia wenzangu wakimpigia mama kelele mbele ya wagonjwa wote, na najua mama huyo, safari nyingine, atanyamaza. Najua pia kwamba wengi huanza na majani kwa sababu fedha ya kujiandikisha haipo, na majani yako nyuma ya nyumba. Mimi nauliza mambo manne tu: umempa nini, saa ngapi, kiasi gani, na kuna kilichobaki?

Wiki iliyopita mama mmoja alinijibu "hakuna" mara tatu. Mara ya nne akafungua kitenge, chupa ilikuwa chini ya nguo za mtoto, bado ina vuguvugu. Ileteni chupa hiyo pamoja na mtoto. Leteni na tawi, lenye ua au tunda kama lipo, na mliweke mezani kabla sijauliza.