Je, wajua pamba inaweza kupaushwa bila kuchemshwa?

Liangalie jora la marekani dukani. Kitambaa hiki kilichukua jina la nchi kilikotoka, maana katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar kwa merikebu. Si cheupe hasa, kina vidoa vya maganda ya mbegu, na ukikidondoshea maji, tone hukaa juu kama shanga kwa sababu pamba bado ina nta yake. Bafta ni pamba ile ile, ila imepaushwa.

Viwandani, kupausha kwa kawaida ni kuchemsha. Kitambaa hutiwa kwenye maji yenye haidrojeni peroksaidi na kostiki soda, yakapashwa moto hadi digrii 95 au zaidi. Peroksaidi yenyewe ni dawa nzuri: ikimaliza kazi hubaki maji na oksijeni. Tatizo ni uzito wake wa kuanza. Katika maji ya uvuguvugu huing'oa rangi polepole mno, ndiyo maana husukumwa kwa moto na soda. Kisha kitambaa kisuuzwe tena na tena, na soda iuliwe kwa asidi. Maji yanayotumika hapo ni mengi, na yananiuma kuliko hata kuni na mafuta.

Dawa ya uzito huo ni kiamsho kiitwacho TAED, ambacho kimo katika sabuni nyingi za unga za Ulaya. Kikikutana na peroksaidi huzaa asidi ya perasetiki, ndugu mkali wa asidi iliyomo kwenye siki. Hiyo hung'oa rangi kwa digrii 60 au 70 tu, bila soda nyingi, na nyuzi za pamba haziumii sana. Piga hesabu: maji ya digrii 25 yakipandishwa hadi 60 badala ya 95, joto linalohitajika ni nusu kamili. Kwa kiwanda kinachojaza matangi kutwa kucha, hiyo si akiba ya kubeza.

Ila nta haitoki vizuri kwa moto mdogo. Kwa hiyo kitambaa hutangulizwa kwenye vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoishikilia nta kwenye uzi. Fundi hupima kwa tone la maji. Likikaa kama shanga, kazi bado. Likinywewa papo hapo, kitambaa kiko tayari kupokea rangi.